Chura ameumia kwa kompaundi: anza na dalili unayoiona, si dawa uliyo nayo

Mvua ya Machi ikianza tu mpaka Mei, na tena ile ya Oktoba mpaka Desemba, maswali ni yale yale. Mtu alikuwa anafyeka nyasi na slasha akasikia kitu kimegonga, mwingine mbwa wake amemtafuna chura akamtema, mwingine amefungua geti asubuhi akapata ameganda kwa simiti kama ganda la ndizi. Na karibu wote wanauliza swali moja, nimpake nini? Usimpake kitu, angalau si leo. Mimi si daktari, ni mtu tu anaishi ploti iko karibu na mtaro na amewaokota kwa miaka, na mmoja nilimuua mwenyewe kwa huruma, hiyo nitaisema huko chini.

Chura tunayeongea juu yake hapa ni yule wa kawaida wa Nairobi, mnene, rangi ya udongo, mgongo umejaa vinundu, usiku anakaa chini ya taa ya geti akingoja wadudu waanguke na mvua ikinyesha anakoroma huko mtaroni mpaka mnakosa usingizi. Hakuambukizi chunjua, chunjua zinaletwa na virusi vya binadamu, hizo za mgongo wake ni ngozi yake tu. Kitu ako nacho ni sumu: nyuma ya kila jicho kuna tezi nene imevimba kama harage, akibanwa inatoa utomvu mweupe kama maziwa. Kwa mkono usio na kidonda hautakufanya kitu, lakini ukijigusa jicho utalia.

Kabla hujaangalia kidonda

Kitu kimoja ukielewa, mengine yote yanakuja yenyewe. Chura hanywi maji kwa mdomo. Anayakalia. Ngozi ya tumbo lake la chini na katikati ya mapaja ndiyo inayofyonza maji, kwa hivyo chochote kilicho kwa mkono wako, sabuni, losheni, sanitaiza, dawa ya mbu uliyojipaka jioni, kinaingia ndani yake moja kwa moja. Osha mikono kwa maji matupu, suuza sana, na umshike ikiwa imelowa. Ukiwa na glavu zile hazina unga ni sawa pia, lakini zisuuze kwanza. Ukimaliza sasa ndio unaosha na sabuni vizuri, kwa sababu ya ile sumu na pia hawa wanyama hubeba salmonela, na watoto hasa waambiwe wasiweke vidole mdomoni.

Maji. Ya mfereji, yale ya kanju, yana klorini, yaweke kwa karai wazi masaa 24 ndio umtumie. Kama ni dharura na huna ya kungoja, maji ya mvua uliyokinga ni mazuri, ama ya chupa ya kunywa, yale ya kawaida bila gesi wala ladha.

Nyumba yake ya muda ni karai ama boksi ya plastiki yenye matundu kwa kifuniko, chini tishu nyeupe isiyo na manukato imelowa, kona moja kipande cha chungu kilichovunjika ajifiche. Kama karai ni lile la kufulia basi lisuuzwe mpaka uchoke, harufu ya Omo ikiwa bado iko hujamaliza. Weka mahali kuna giza na kimya, mbali na jua, mbali na jiko, na usimwekee juu ya friji ati kuna joto. Pia mfungie paka.

Alafu mwache nusu saa. Najua ni ngumu, kila mtu anataka kumgeuzageuza na kupiga picha, lakini chura akiogopa anajikojolea na ule mkojo ndio tanki lake la akiba, kibofu kinamwekea maji ya siku za ukame. Akikukojolea mkononi amepoteza maji, si amekutukana.

Dalili: amelegea, amekauka, macho yamezama ndani

Hii ndiyo inaripotiwa kuliko zote na mara nyingi si kidonda kabisa, ni kiu. Usiku alitoka kuwinda, akaingia kwa garaji ama akaanguka kwa ngazi ama akafungiwa nje ya ukuta mpya wenye hauna tundu la maji, jua likamkuta kwa simiti. Ngozi inakuwa kama karatasi ya kaki, ukiivuta kidogo haijirudi, macho yameingia, vidole vimejikunja.

Mweke kwa maji ya sentimita moja tu, kwa sahani bapa, kiasi kwamba tumbo limelowa na pua iko juu kabisa. Mwinamishe kichwa kwa jiwe dogo kama hawezi kukiinua. Na hapa ndipo nilipofanya lile kosa. Huyo chura nilimpata chini ya tanki Januari, kiangazi kimekolea, nikajiambia chura ni wa maji si ndio, nikamtia kwa ndoo ya lita 20 nusu imejaa nikalala na moyo mweupe. Asubuhi tumbo liko juu. Chura mwenye nguvu anaogelea, mgonjwa anazama kama mtu yeyote, na kwa ndoo hakuna mahali pa kushika, kuta ni laini. Tangu siku hiyo maji yangu hayapiti kidevu.

Baada ya saa moja mpaka tatu yule wa kiu anaanza kujaa, unaona macho yanatoka, koo inapwita haraka, anajivuta. Kama inafika masaa sita na hakuna mabadiliko basi fikiria sababu zingine kwa mpangilio huu.

Baridi inafuata. Julai Nairobi usiku unaweza kushuka mpaka nyuzi 10 hivi na chura hana joto lake mwenyewe, anakuwa mzito kama ametiwa gundi. Mlete ndani, sebuleni tu panatosha, apate joto polepole. Hakuna hita, hakuna chupa ya maji moto, hakuna kumweka kwa dirisha la jua ndani ya plastiki, hapo utampika.

Baada ya hiyo ni sabuni na dawa. Ulifulia wapi jana? Yale maji ya Omo na jiki yalimwagwa wapi? Kuna mtu alipulizia dawa ya kupe ama ya mchwa wiki hii? Chura aliyeguswa na hizi vitu anatetemeka, miguu inajinyoosha yenyewe, ama ngozi inateleza kupita kawaida. Msuuze kwa maji safi yanayomiminika polepole dakika kumi hivi, mgongo na tumbo, badilisha maji, rudia. Kama anatetemeka baada ya hapo hakuna kitu kingine unaweza kufanya nyumbani, mpeleke.

Mwisho kabisa ni kuumia ndani ama ugonjwa. Hapa kuna kipimo kimoja rahisi sana, mlaze chali kwa upole. Chura mzima anajigeuza papo hapo kwa hasira. Anayechukua muda mrefu amechoka, asiyejigeuza kabisa hata baada ya kupata maji na joto ako hali mbaya. Pima mara moja, si kila mtu wa ploti aje ajaribu.

Dalili: amekatwa, kuna damu

Slasha ndiyo adui namba moja, alafu jembe, alafu mlango wa chuma wa geti, alafu kunguru na wale ndege wa hadada wanaotembea kwa nyasi wakidunga. Ukiangalia hasa ni kina cha kidonda. Mkwaruzo wa ngozi juu juu, ama kidole kimekwenda, mara nyingi hiyo inapona yenyewe ikiwa safi. Mwagia maji safi kidogo kidogo kuondoa mchanga na nyasi, usisugue, usitumie pamba kavu kwa sababu nyuzi zinabaki. Damu inayotoka, bonyeza taratibu na kitambaa kilicholowa dakika mbili tatu.

Sasa hizi ndizo vitu zinaua. Chumvi, hata ile ya maji ambayo watu wanaambiwa wasukutue. Spiriti. Dettol. Haidrojeni peroksaidi. Krimu za kidonda za binadamu, hasa zile zimechanganywa na dawa ya ganzi. Majivu, kahawa, asali ya barabarani. Kila moja ya hizi nimeona mtu akiileta kwa nia njema. Mwaka jana chura alikatwa kidole cha mguu wa nyuma hapa kwetu, mimi nimemweka kwa karai ndio nachota maji, jirani akatoka mbio na chupa ya Dettol na pamba ameshika juu kama taji.

"Wacha nimwekee kidogo tu mama, si ndio hatapata tetanasi?"

"Mama, hiyo itaingia mwilini yote, afadhali hata umpe uji."

Alicheka lakini akarudisha. Yule chura alikaa kwa boksi siku kumi na tisa. Nilikuwa nabadilisha tishu asubuhi na jioni na hiyo ndiyo kazi yote, kidonda kikakauka pembeni kikawa cha waridi, alafu kijivu, na siku ya sita hivi akala mende wa kwanza. Kama hujawahi kuona chura akimeza angalia siku moja kwa karibu, macho yanadidimia ndani ya kichwa kabisa, ni kwamba anayatumia kusukuma chakula kishuke kooni. Ndio maana chura mwenye jicho limeumia pia anasumbuka kula.

Simama hapo na utafute daktari wa wanyama kama: unaona nyama ama mfupa, kuna kitu kimetoka tumboni, damu haijakatika baada ya dakika kumi, kidonda kina funza ama harufu, ama kimeota kitu cheupe kama pamba. Matumbo yakiwa nje usijaribu kuyarudisha ndani na kidole. Funika na kitambaa safi kilicholowa, kiwe na maji kila wakati, na uende. Usimshone. Kuna mtu aliuliza kama supaglu inafaa, hapana.

Dalili: anaburuta mguu

Kwanza hakikisha si uzi. Kweli. Nywele za bandia, uzi wa mkeka, nyavu za mboga, zinajifunga kwa mguu na unavimba chini ya fundo, na mtu anaona mguu umevunjika. Angalia na tochi ya simu, kata na mkasi mdogo wa kucha upande wenye nafasi, usivute.

Kama hakuna uzi basi mara nyingi ni pigo ama mguu umekanyagwa. Linganisha miguu miwili: uko na umbo lile lile? Mguu uliopinda mahali hakuna kiungo umevunjika. Nyumbani unachoweza kufanya ni kumnyima nafasi ya kuruka, boksi ndogo, tishu nyingi laini, hakuna kupanda. Hakuna vijiti vya aiskrimu na seloteipu, nimeona hiyo picha na sitaki kuiona tena, gundi ya seloteipu inatoka na ngozi.

Miguu yote miwili ya nyuma imelala, ukibana kidole kidogo hakivuti, hiyo ni uti wa mgongo, mara nyingi gari ama mlango. Hapo usichukue wiki ukingoja muujiza. Daktari anaweza kumlaza kwa dawa bila maumivu na hiyo pia ni msaada.

Dalili: ametoka mdomoni mwa mbwa

Hapa una wagonjwa wawili na unaanza na mbwa.

Mbwa atatoa povu, atasugua mdomo chini, ufizi unakuwa mwekundu sana. Chukua kitambaa kilicholowa upanguse ufizi na ulimi, suuza kitambaa, rudia na urudie. Ukitumia mpira wa maji basi maji yaingie kwa pembeni na kichwa kiangalie chini yamwagike nje, si kumwelekezea kooni, utamzamisha. Maziwa usimpe. Najua nyumbani kwetu dawa ya sumu ni maziwa, bibi zetu walisema hivyo, lakini huyu anahitaji sumu itoke mdomoni si iteremke na kitu kingine. Akianza kuyumba, kutapika mfululizo, kutetemeka ama kuanguka, hiyo si ya kungoja asubuhi, mpakie kwa gari. Watoto wa mbwa na wale wadogo wa nyumbani ndio wanaumia zaidi kwa sababu mwili ni mdogo.

Chura sasa. Mbwa huwa anamtema haraka kwa uchungu wa ile sumu, kwa hivyo wengi unawapata na mate tu na hasira. Msuuze mate, mweke gizani, angalia tumbo na makwapa kwa vitundu vidogo vya meno. Kitundu cha jino ni kidogo juu na kirefu chini, bakteria za mdomo zimeshaingia, na siku tatu baadaye ndio unaona amevimba. Paka ni mbaya zaidi, meno yake ni sindano. Kwa hivyo kitundu chochote cha jino, hata kinaonekana kimefunga, daktari amwone, akitaka ampe antibayotiki. Usikate vidonge vya nyumba ukampa. Kipimo cha chura wa gramu 40 huwezi kukikata kwa kisu cha jikoni.

Na kichaa cha mbwa mnaulizaga sana: hapana, hicho ni cha wanyama wanaonyonyesha, chura hakibebi.

Dalili: amenaswa kwa gundi ya panya

Hii imeongezeka tangu zile trei za gundi zianze kuuzwa kila kona na pale kwa taa za trafiki. Usimvute, ngozi yake ni nyembamba itabaki kwa trei. Funika gundi yote iliyo wazi karibu naye na vipande vya tishu asishikwe zaidi. Alafu mafuta ya kupikia, kidogo sana, kwa pamba iliyonyongwa ncha, unapitisha pale ngozi inapokutana na gundi, unangoja, unapitisha tena. Polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Akitoka msuuze kwa maji ya uvuguvugu wa chumba mara nyingi mafuta yaondoke, maana ngozi yenye mafuta haipumui, na chura anapumua kwa ngozi pia. Petroli, parafini, thina, hata usilete karibu.

Kama amenaswa na tumbo ama uso, kata trei na mkasi ukiacha kipande alichoshika, mpeleke nacho hivyo hivyo.

Dalili: amevimba kama mpira

Kabla hujaogopa mrudishe chini na urudi nyuma hatua tatu. Chura akiona hatari anajaza hewa ajifanye mkubwa asimezwe, na wewe ndiye hatari. Akipungua baada ya dakika chache hakuna shida.

Kama ni msimu wa mvua, ni mkubwa, tumbo limejaa pande zote mbili sawasawa lakini anaruka, anakula, huyo ni mama ana mayai. Mrudishe huko nje leo leo, ana kazi.

Vimbe lenye linakaa siku nzima, ngozi imetanuka inang'aa kama puto ya maji na ukimwinamisha linahamia upande, hiyo ni maji yamejaa mwilini, figo ama maambukizi. Hakuna dawa ya nyumbani na usimtoboe na sindano kumtoa maji. Daktari.

Dalili: ngozi inatoka, ama mapaja mekundu

Ngozi kutoka ni kawaida. Chura anabadilisha ngozi mara kwa mara, anapinda mgongo, anapanua mdomo kama ana kifafa, anaivua kama sweta kupitia kichwani alafu anaila. Mara ya kwanza nilidhani anakufa. Inachukua dakika chache, akimaliza anang'aa.

Ambayo si kawaida ni vipande vinavyobaki vimening'inia siku mbili tatu, ngozi inatoka kila siku, na chura anakaa mchana mahali wazi bila kujificha hata ukimkaribia. Kuna kuvu wa ngozi anaitwa kitridi, ameua vyura dunia nzima na Kenya pia amepatikana. Hawezi kukuambukiza wewe. Lakini anasafiri kwa maji na matope, kwa hivyo maji ya boksi usiyamwage mtaroni wala kwa kidimbwi, tia jiki ngoja alafu mwaga kwa choo, na karai hilo halimpokei chura mwingine mpaka lioshwe hivyo, lisuuzwe na likauke juani kabisa.

Tumbo la chini na mapaja yakiwa mekundu kama amechapwa, na amelegea, hiyo mara nyingi ni bakteria zimeingia kwa damu. Zinaenda haraka. Siku hiyo hiyo.

Jicho

Jicho lina ukungu ama limefunga: mchanga kwanza, alafu sabuni, alafu kudungwa. Dondosha maji safi mara kadhaa, ngoja siku mbili. Dawa za macho za binadamu wacha, zingine zina steroidi. Jicho limetoka nje ama limepasuka ni daktari, ila jicho moja likipotea bado wengi wanaishi, wanawinda kwa kuona kitu kikitembea na moja linatosha.

Chakula

Siku za kwanza hakuna. Maji, giza, basi. Chura mzima anaweza kukaa siku nyingi bila kula na kumlazimisha mdomo ufunguke unamvunja taya. Akianza kutembea usiku kwa boksi mpe vitu hai vyenye vinasonga: panzi mdogo, mnyoo wa udongo, kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, mende kama una uhakika hakuna mtu alipulizia. Kisiwe kipana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake. Ugali hapana, mkate hapana, nyama ya kusaga hapana, maziwa pia hapana. Kilichobaki asubuhi kitoe, mende mwenye njaa anatafuna chura mgonjwa.

Umpeleke wapi

Shida ya Nairobi ni kwamba kliniki nyingi ni za mbwa na paka na duka la agroveti ni la ng'ombe na kuku, kwa hivyo piga simu kwanza uulize wazi wazi kama wanaangalia chura ama reptilia, usifike na boksi ukachekwa. Nimeshawahi kuchekwa na daktari mmoja, akaniuliza kama nataka amchinje. Pa kuanzia ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, KSPCA (wale wa kutetea wanyama wasiteswe) huko Karen, na KWS (shirika la wanyamapori) wenyewe Lang'ata Road. Kama unataka tu kujua ni chura gani, Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill wana idara ya reptilia na vyura.

Na kumfuga usifikirie, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali kukaa na mnyama wa pori. Kumtibu siku chache na kumrudisha ni kitu kimoja, kumwekea jina na akwarium ni kingine.

Kumrudisha

Anarudi pale pale ulipomtoa, si msitu wa Karura, si kwa mto ulio mzuri kuliko wenu. Anajua mahali pake pa kujificha na njia ya kwenda majini, na ukimhamisha unaweza kuhamisha ugonjwa pia. Wale wa aina ya huyu wetu walipelekwa Mauritius mwaka 1922 ili wale wadudu wa miwa, hawajaondoka mpaka leo na wanakula vitu vya huko havikuwahi kuona chura.

Mtoe jioni, ikiwezekana imenyesha, awe anaruka kwa miguu yote aliyobaki nayo, anajigeuza haraka, amekula angalau mara mbili. Mweke chini ya kitu, tofali lililoinama ama kichaka, ukimwacha katikati ya nyasi hadada wanaamka mapema kuliko wewe. Na ongea na mwenye slasha, apige hatua kwa nyasi na mguu kwanza kabla ya kufyeka, wanaruka wenyewe.

Kama amekufa: hakikisha. Chura wa baridi anaonekana amekufa na bado yuko, angalia kifua chini ya kidevu na tochi dakika tano nzima, moyo unaonekana ukigusa ngozi, mweke kwa joto la sebule masaa mawili uangalie tena. Anayeteseka na hakuna daktari anayefikika usiku huo, usimtie friza, usimwagie maji moto wala chumvi, mweke gizani na unyevu na uanze kupiga simu saa mbili asubuhi. Akiwa amekufa kweli mzike kina cha mkono mmoja, mbwa asimfukue, ile sumu ya nyuma ya macho haifi naye.